Arubuni Isiyorudi na Bei ya Mapema

Katika stakabadhi nyingi za usafiri zinazopita mikononi mwetu hapa Nchelenge na Kashikishi pana mstari mmoja mdogo, chini kabisa, mara nyingi umegongwa kwa muhuri: fedha ikishalipwa hairudishwi. Mstari huo huandikwa kwa Kiingereza, na abiria wengi huukunja mfukoni bila kuusoma. Niliwapa wanafunzi wangu waufasiri. Wengi waliandika "pesa hairudi". Wachache waliandika "pesa hairudishwi". Mmoja tu, mwanafunzi ambaye kwa kawaida hukaa kimya nyuma ya darasa, aliandika "sitakurudishia pesa yako".

Ningependa msomaji ajifunzaye Kiswahili atulie kidogo mbele ya sentensi hizo tatu, kwa kuwa tofauti yake si ya mitihani peke yake. Tusemapo "pesa hairudi", tunaifanya pesa iwe kama mtu aliyesafiri na kuamua kukaa ugenini. Hakuna wa kulaumiwa. Tusemapo "hairudishwi", tumekiri kwamba yupo awezaye kuirudisha, lakini kauli ya kutendwa imemficha nyuma ya pazia. "Sitakurudishia" inamtoa hadharani: yupo mtu, ana mkono, na mkono huo umefumbwa. Mkataba wa haki ungeandikwa kwa sentensi ya tatu, maana hapo mtu angeweza kuuliza: kwa nini hutanirudishia, na kwa sharti gani?

Kiswahili kina neno la kale kwa fedha hii itolewayo mbele ili kufunga mapatano: arubuni. Siku hizi wengi husema kianzio, malipo ya awali au avansi, nayo yanatosha sokoni. Tusilichanganye neno hili na majirani zake. Amana ni mali uliyoweka kwa mtu akutunzie, nayo ni yako mpaka mwisho. Rehani ni kitu unachomwachia mkopeshaji mpaka ulipe deni. Arubuni ni sehemu ya bei, itolewayo kwanza kuonyesha kwamba mnunuzi hachezi. Karibu nalo pana kitenzi kurubuni, yaani kumvuta mtu kwa hila, na sikio la Mswahili huyasikia maneno haya mawili kama ndugu waliolelewa nyumba moja. Si ajabu, fedha ya kwanza hufunga moyo kabla akili haijamaliza hesabu.

Neno lenyewe limesafiri kuliko abiria yeyote. Limetujia kutoka Kiarabu, na lina jamaa katika Kiebrania cha Kitabu cha Mwanzo, katika habari ya Yuda na Tamari, na katika Kigiriki, ambako Kilatini kililichukua na kukipa Kifaransa neno arrhes. Wanazuoni wa Kiislamu walihitilafiana juu yake mapema sana. Imamu Malik aliukataa uuzaji ambao muuzaji hubaki na arubuni mnunuzi akighairi, akiona ni kula mali ya mtu bila kumpa kitu. Imamu Ahmad bin Hanbal aliuruhusu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba suala la tiketi isiyorudishwa limezuka na simu za mkononi. Watu wenye elimu kubwa walilibishania zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Kwetu pia jambo hili halikuanza na mabasi. Wabemba wana insalamu, fedha ndogo ambayo mshenga huipeleka kwa wazazi wa binti, na ikipokewa ndipo husemwa kwamba uchumba umeanza. Waswahili wa pwani wana kishika uchumba. Kiasi chake si kitu. Maana yake ndiyo kitu. Atoaye amejifunga, na apokeaye naye amejifunga. Naomba msomaji aliweke moyoni hilo la pili, kwa kuwa ndilo ambalo muhuri wa chini ya stakabadhi hulisahau.

Sheria ya Uingereza, ambayo misingi yake Zambia iliirithi, ilitamka wazi juu ya jambo hili mwaka 1884 katika shauri la Howe na Smith. Mnunuzi alikuwa ametoa pauni 500 kwa ajili ya nyumba na ardhi ya pauni 12,500, kisha akashindwa kukamilisha ununuzi. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba arubuni si malipo ya kwanza tu, bali ni dhamana ya kwamba mnunuzi atatimiza neno lake. Akivunja neno, ameipoteza. Hiyo ndiyo mizizi ya "hairudishwi". Lakini mwaka 1993 Baraza la Faragha mjini London liliamua shauri lililotoka Jamaika, la benki ya Workers Trust na kampuni ya Dojap, ambapo mnunuzi wa ardhi alitakiwa kuweka asilimia 25 ya bei. Baraza lilisema desturi ni asilimia 10, na kwamba muuzaji hawezi kuiita fedha yoyote aipendayo arubuni kisha akaimeza. Benki ikaamriwa kuirudisha. Mashauri hayo yalihusu ardhi, wala mahakama zetu hazifungwi nayo, ila huyasikiliza. Wazo lililomo ni pana kuliko ardhi: arubuni ina haki ya kutorudi ikiwa ni ya kiasi. Ikipita kiasi ni adhabu iliyovaa kanzu ya arubuni.

Ng'ambo ya ziwa, kule Pweto na Kilwa ya Kongo, ambako ndugu zetu huziita fedha makuta, sheria ilichotwa kutoka kisima kingine. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Ubelgiji iliirithi na kuichukua hadi Kongo, inasema katika kifungu cha 1590 kwamba uuzaji ukiahidiwa kwa arrhes kila upande una uhuru wa kughairi: aliyetoa akighairi, ataipoteza, aliyepokea akighairi, atarudisha mara mbili. Mara mbili! Nilipowasomea wanafunzi wangu, walicheka kwa furaha kana kwamba nimewahadithia kisa cha sungura na fisi. Hapo ndipo arubuni inapoonekana kuwa mizani yenye sahani mbili, wala si mtego wenye mlango mmoja.

Kutoka hapo twende kwenye meli, maana ndizo zilizoistawisha sana biashara hii ya kulipa mapema. Wanafunzi wangu wanaijua MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwa miongo mingi ilileta abiria na dagaa hadi bandari yetu ya Mpulungu. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuunganishwa upya Kigoma. Karakana ile ile hujenga leo meli za kitalii zenye maelfu ya vitanda, mabwawa ya kuogelea na kumbi za michezo ya kuigiza. Kitanda kisicho na mtu siku ya kung'oa nanga hakiwezi kuuzwa kesho yake. Kimeoza kama samaki aliyeachwa juani. Kwa sababu hiyo kampuni huanza kuuza mwaka mmoja au zaidi kabla ya safari, na huwapunguzia bei wale wanaokubali kujifunga mapema.

Mpangilio wake kwa kawaida ni huu. Chumba kimoja huwa na bei mbili: moja ambayo arubuni yake hurudishwa ukighairi kabla ya tarehe fulani, na nyingine, iliyo nafuu, ambayo arubuni yake hairudi tangu dakika ya kwanza. Kisha ipo tarehe ya kumaliza malipo, mara nyingi siku 60 hadi 90 au zaidi kabla ya safari. Baada ya tarehe hiyo adhabu ya kughairi hupanda ngazi kwa ngazi hadi kufikia nauli nzima. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Aendaye peke yake hulipa zaidi. Ushuru wa bandari ambao kampuni haikuulipa kwa niaba yako kwa kawaida hurudishwa hata kama nauli hairudi, na wengi hawaudai kwa kuwa hawajui kwamba upo. Yote haya yameandikwa. Yameandikwa kwa herufi za mchwa, lakini yameandikwa.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipozisimamisha meli za kitalii duniani, swali liligeuka. Sasa si abiria aliyeghairi, ila meli ndiyo haikwenda. Kampuni kama Royal Caribbean na Norwegian ziliwapa wateja uchaguzi: fedha zao zirudi, au wachukue hati ya safari ya baadaye yenye thamani ya asilimia 125 ya walicholipa. Ile robo ya ziada ndiyo bei ambayo kampuni ilikuwa tayari kulipa ili fedha zisitoke. Muuzaji mwenyewe, alipobanwa, alikiri kwamba fedha iliyokaa kwake ina thamani kubwa kuliko fedha iliyo mfukoni mwako.

Msomaji wa Kafutuma huenda akauliza meli za kitalii zamhusu nini. Zinamhusu kwa hesabu, kwa sababu hesabu ya chumba cha melini na ya kiti cha basi liendalo Lusaka ni moja. Tuchukulie kwamba nauli ya kawaida ni kwacha 400, na ukilipa mapema bila kurudishiwa ni kwacha 300. Ukilipa mapema, umetoa 300 uende usiende. Ukisubiri, utatoa 400 ukienda, na hutatoa kitu usipokwenda. Katika safari nne za namna hii, anayelipa mapema hutoa 1,200. Anayesubiri, akisafiri mara tatu na kubaki nyumbani mara moja, naye hutoa 1,200. Wamelingana. Basi, punguzo likiwa robo ya nauli, linakufaa endapo shaka yako ya kutosafiri ni chini ya mara moja katika nne. Punguzo likiwa sehemu moja ya kumi, shaka yako haina budi kuwa chini ya mara moja katika kumi. Sehemu ya punguzo ndiyo kipimo cha shaka. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hii kwa kijiti mchangani, na sioni kwa nini asifundishwe.

Ikiwa unatakiwa kutoa arubuni ya kwacha 100 tu, na 200 zilizobaki siku ya safari, mambo hubadilika. Hapo usiposafiri unapoteza 100, na ukisafiri umeokoa 100, kwa hiyo hata shaka ya mara moja katika mbili inavumilika. Ndiyo maana nawasihi wanaouliza kwangu: ukipewa uchaguzi kati ya kulipa nauli nzima kwa bei nafuu na kuweka arubuni kwa bei ile ile nafuu, weka arubuni. Kuna mawakala ambao hawataji njia hii ya pili mpaka waulizwe.

Ningekosea kama ningesema bei ya mapema ni hila tupu. Katika wilaya yetu uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Shule hufunguliwa Januari. Mzazi anayelipa nauli ya mwanawe mwezi Novemba, samaki wa mwisho wakiwa bado kichanjani, hanunui punguzo tu. Anazificha fedha zake zisiguswe na misiba, mikopo ya jamaa na Krismasi. Kwake yeye kutorudishwa ni kufuli ya kibubu. Nimewasikia akina mama wakisema kwamba wanapenda isirudi, maana ikirudi italiwa. Hoja hiyo ina heshima yake, na mtu wa mjini anayetaka tiketi zote zirudishwe kwa sheria angefanya vema aisikilize kwanza.

Lakini lipo jambo moja ambalo silivumilii, nalo linahusu maji.

Boti za injini zinazokwenda kisiwa cha Kilwa, kile cha upande wetu wa Zambia, hubeba walimu, wagonjwa, wachuuzi na wanafunzi. Katika miezi ya baridi upepo wa kusini-mashariki huweza kulichafua ziwa kwa muda mfupi. Abiria aliyekwisha kulipa nauli isiyorudi anasimama ufukweni, anayaona mawimbi, na anafanya hesabu isiyo sahihi: "Nimeshalipa." Fedha ile imekwenda apande asipande, kwa hiyo haipaswi kuingia katika uamuzi wake hata kidogo, kilicho mbele yake ni mawimbi peke yake. Ila ni vigumu kumwambia hivyo mtu mwenye kikapu kichwani na kwacha kumi mfukoni. Mwenye chombo naye anajua kwamba asipokwenda huenda akadaiwa, basi anakwenda. Woga wa hasara unawasukuma wote wawili ndani ya boti moja.

Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, siku ya upepo mkali. Sisemi kwamba tiketi ndiyo iliyoizamisha. Nasema kwamba katika siku kama hiyo kila abiria angepaswa kuwa huru kugeuka na kurudi nyumbani bila kuadhibiwa, na kila nahodha angepaswa kuwa huru kusema "leo hatuendi" bila kufilisika. Kwa usafiri wa majini, basi, naona sharti liwe hivi: upepo ukiizuia safari, nauli ihamie siku inayofuata bila nyongeza, au irudishwe yote kwa asiyeweza kungoja. Nauli ya mtu anayegoma kupanda kwa hofu ya mawimbi nayo ihamie, hata kama nahodha anaiona hofu hiyo ni ya kitoto.

Jambo jingine ni muuzaji anaposhindwa yeye mwenyewe. Mwaka mmoja wazazi wa wanafunzi wangu walichanga arubuni ya basi la kuwapeleka watoto Mpulungu wakaione bandari. Basi liliharibika juma moja kabla ya safari, na mwenye basi akajibu kwamba amesikitika, lakini stakabadhi inasema hairudishwi. Wazazi walikaa kimya kwa kuwa muhuri ulikuwepo. Huo ulikuwa ufasiri mbaya wa arubuni katika lugha yoyote. Hata shauri la mwaka 1884 lilimhukumu aliyevunja neno lake, na hapa aliyelivunja, hata kama si kwa kusudi, ni mwenye basi.

Sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji, Na. 24 ya mwaka 2010, inakataza katika kifungu cha 48 kutundika dukani au mahali pa biashara tangazo linalodai kumnyima mlaji haki aliyopewa na sheria. Kifungu cha 53 kinashughulikia masharti ya mkataba yasiyo ya haki. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko ya mlaji yeyote. Huko Kenya jambo hili limepanda hadi kwenye Katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya 46 inampa mlaji haki ya kupewa taarifa anazohitaji na haki ya kufidiwa hasara. Hakuna popote hapo panaposemwa kwamba kila arubuni lazima irudi. Panaposemwa ni kwamba maneno yaliyogongwa kwa muhuri hayawi sheria kwa sababu yamegongwa kwa muhuri.

Wenye vyombo wana jibu lao, nami nimewasikiliza. Petroli hununuliwa jana yake. Abiria watano wakitoweka asubuhi, safari ni ya hasara. Ni kweli, na ndiyo sababu siwataki warudishe kila kitu kwa kila mtu. Yule anayeghairi asubuhi ya safari kwa kuwa ameamka na uvivu amemtia mwenzake hasara, na arubuni yake iende. Tatizo ni muhuri mmoja unaowafunika kwa blanketi moja mvivu, mgonjwa wa malaria, aliyeogopa upepo na aliyeachwa na basi bovu.

Kwa sababu hiyo niliwapa wanafunzi zoezi la kuliandika upya sharti lile, kwa Kiswahili sanifu, kwa kauli ya kutenda, na kila kitenzi kikiwa na mtendaji anayeonekana. Walikubaliana juu ya sentensi tatu. "Ukighairi siku mbili au zaidi kabla ya safari, tutakurudishia nusu ya arubuni. Upepo ukituzuia, tutakupeleka siku inayofuata kwa nauli uliyokwisha kulipa. Tukishindwa sisi, tutakurudishia fedha yako yote siku hiyo hiyo." Wawili kati yao waliupeleka mwandiko kwa mzee mmoja mwenye boti, wakamwamkia, wakamwomba ausome. Aliisoma mara mbili. Ya pili na ya tatu alisema ataziandika ubaoni. Ya kwanza aliikata kwa kalamu, akaandika juu yake "siku nne", kisha akawauliza kama mwalimu wao anajua bei ya petroli.